Tozo ya Kutofika

Nchi ninayoisimulia haipo kwenye ramani yoyote, na kama ipo, basi ramani hiyo ni ya kichochezi. Nimeshaulizwa habari zake na mabwana wawili waliovaa miwani myeusi ndani ya nyumba. Niliwajibu hivyo hivyo, wakaridhika, wakanywa chai yangu yote, wakaondoka. Kwa hiyo wewe msomaji ukiona mahali pamefanana na kwenu, ujue ni macho yako tu, na macho hutibiwa bure.

Katika nchi hiyo kila kilichohusu mwili wa binadamu kilitibiwa bure. Jambo hilo liliandikwa kwenye katiba, kwenye kuta za hospitali na kwenye mgongo wa fulana tulizogawiwa wakati wa uchaguzi. Ukiumwa, unapangiwa miadi na daktari. Ukifika, hulipi hata senti. Kilicholipiwa kilikuwa kimoja tu, nacho ni kutofika.

Waziri wa Afya alitueleza redioni, kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto anywe dawa. "Ndugu wananchi," alisema, "mgonjwa anayefika kwa daktari amelitendea taifa wema. Asiyefika ameiba muda wa daktari, na muda wa daktari ni mali ya umma, kama daraja. Je, aliyeiba daraja tutamwacha?" Tukatafakari, tukaona asemayo ni kweli, mtu aliyeiba daraja haachwi. Ni kweli pia kwamba yule aliyeiba daraja letu la mtoni aliachwa, tena akapewa Wizara ya Ujenzi, lakini hiyo ilikuwa serikali iliyopita, na huyu waziri wa sasa ni mdogo wake tu.

Basi ikapitishwa Tozo ya Kutofika. Wabunge walipiga meza mpaka moja ikavunjika, na fundi aliyeitwa kuitengeneza hakufika, wakamtoza yeye wa kwanza. Kisha Serikali Kuu ikaongeza kipengele kidogo mwishoni mwa sheria, kilichosema kwamba kuanzia sasa Hazina haitatuma tena fedha za hospitali wilayani. Kila wilaya itaendesha hospitali yake kwa tozo itakayokusanywa pale pale. Wakaiita Afya Mikononi mwa Wananchi, nasi tukatazama mikono yetu, hatukuona kitu.

*

Wilaya yetu inaitwa Kitulizo. Mimi ni Shomvi, na kazi yangu katika mtaa wetu wa Chekeni ni kutangaza misiba. Mtu akifariki, nachukua kipaza sauti, napita uchochoro kwa uchochoro nikimtaja marehemu, ukoo wake na saa ya maziko. Silipwi, lakini nasalimiwa sana.

Kitulizo ilianza vibaya katika mpango huu mpya, na kosa lilikuwa letu wananchi. Tulikuwa tunafika. Mtu akipangiwa miadi anakwenda, kwa sababu anaumwa. Wengine walibebwa kwenye mikokoteni. Wengine walifika siku moja kabla wakalala kibarazani, wakisema mambo ya serikali hayaaminiki. Matokeo yake hospitali haikupata kitu. Taa zikakatwa, glavu zikaisha, na Mganga Mkuu akawa anapima homa kwa kiganja cha mkono kama bibi yangu.

Ng'ambo ya mto mambo yalikuwa matamu. Wenzetu wale hawana daraja, kwa sababu niliyokwisha kuitaja, na mto ukifurika hospitali yao inabaki kisiwani, hakuna anayevuka kuifikia. Wilaya nzima inakosa miadi kwa mpigo. Kwa tozo zao wakanunua mashine ya kupiga picha mifupa, wakajenga na mzunguko wa barabara wenye sanamu ya moyo wa saruji unaorusha maji. Walialikwa hadi mji mkuu kuwafundisha wengine.

Mkuu wetu wa Wilaya, Mheshimiwa Mtengeti, aliumia sana. Aliitisha mkutano wa hadhara, akavua kofia, akatutazama kwa muda mrefu kama baba aliyefumaniwa na deni la mwanawe. Alisema mahudhurio yetu yanatisha, na kwamba kuna watu wachache wenye nia mbaya wanaofika hospitali kwa makusudi ili kuikwamisha serikali. Akauliza kama wilaya hii haina hata mtu mmoja mvivu, mmoja tu, mzalendo. Tukainamisha vichwa. Mzee Makungu peke yake alinyoosha mkono akasema yeye ni mvivu, ila anaumwa mgongo.

Yakajaribiwa mengi. Miadi ikapangwa alfajiri, watu wakaja na mikeka wakalala hapo hapo. Ikapangwa sikukuu, watu wakaja na pilau. Mlango wa wagonjwa ukahamishiwa nyuma bila tangazo, na kibao cha hospitali kikapelekwa machinjioni. Huko machinjioni foleni ikajipanga yenyewe, kwa utulivu, na mchinjaji akasema hajawahi kuona watu wenye nidhamu kama wale. Tulikuwa watu wasiosaidika.

*

Ndipo tukaletewa Bwana Kipengele, Afisa Mapato ya Wagonjwa. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye digrii ya kitu fulani na viatu vilivyochongoka. Hakufoka. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa akatazama tu, mpaka siku moja akaona ajabu. Benchi lilikuwa tupu. Hakuna mgonjwa, hakuna wa kumsindikiza mgonjwa, hakuna hata muuza karanga. Akauliza kulikoni, akajibiwa kwamba leo anazikwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi.

Hapa inafaa nieleze, kwa faida ya wasomaji wa mbali. Mtu wa Kitulizo anaweza kukosa harusi, anaweza kukosa kazi, anaweza hata kumkosa mkewe. Maziko hakosi. Wanaume huenda makaburini, wanawake hukaa nyumbani kwa marehemu, na asiyeonekana huulizwa habari zake kwa miaka. Wanaogombana husimamisha ugomvi, wanazika, halafu wanaendelea pale walipoishia. Huyo Mzee Makungu aligombea ukuta na jirani yake maisha yao yote, na jirani alipokufa alikwenda akamchimbia kaburi huku akinung'unika kwamba hata huko chini jamaa atasogeza mpaka. Asiyewazika wenzake anajua kwamba siku yake atazikwa na halmashauri.

Bwana Kipengele alipoelezwa hayo, inasemekana machozi yalimlengalenga. Chumba cha maiti kiko hospitali. Hospitali ndiyo inayotoa mwili, kwa hiyo hospitali ndiyo inayojua saa ya maziko kabla ya mtu mwingine yeyote. Akaandaa Mpango Shirikishi wa Miadi Nyakati za Majonzi. Mtu akifa, mtaa wake wote unapangiwa miadi saa ile ile ya kuzika. Wagonjwa kwa ugonjwa wao, na wazima kwa uchunguzi wa kujua kwa nini ni wazima.

Ujumbe uliingia kwenye simu: Mpendwa mteja, umepangiwa miadi Jumanne saa saba mchana, usikose, afya yako ni mtaji wetu. Simu za mtaa mzima zililia pamoja. Mwanzoni hatukuelewa, baadaye tukazoea, na simu zikilia watu walikuwa wanatoka vibarazani na kuulizana tu: nani? Kipaza sauti changu kikaanza kuota kutu.

Tozo zikamiminika. Asiyelipa hakupangiwa tena miadi, na mgambo alikuja kuchukua godoro, naye mgambo alikuwa mstaarabu, alikuachia mto. Hospitali ikanenepa. Kwanza kabisa kikajengwa upya chumba cha maiti, kwa sababu wataalamu walisema uwekezaji uanzie kwenye chanzo cha mapato. Kiliwekewa marumaru, feni na mapazia, pakawa pazuri mpaka wagonjwa wa wodi ya wanaume wakaomba wahamishiwe huko. Mheshimiwa Mtengeti akapewa cheti. Siku ya sherehe alisema kwamba Kitulizo imethibitisha kuwa hakuna kifo cha bure.

*

Sasa nije kwa mke wangu.

Mke wangu anaitwa Sikudhani, mama wa binti yetu Chausiku. Alikuwa na uvimbe shingoni, ukaanza kama ndimu, ukawa kama chungwa, halafu tukaacha kuulinganisha na matunda. Ulikuwa unabana koo. Alianza kulala ameketi, mgongo ukutani, na mimi nalala nikisikiliza pumzi zake, na kila ikichelewa moja na mimi nasimamisha yangu. Mganga Mkuu alimshika shingo akasema huu unakatwa, tena usingoje sana, kwa maana unajongea kwenye njia ya hewa. Daktari wa upasuaji tulikuwa hatuna wa kwetu. Alikuwa mmoja anayezungushwa wilaya kwa wilaya, akifika kwenu ndiyo bahati yenu, akipita amepita. Sikudhani akapangiwa miadi.

Lakini Sikudhani ndiye mwosha wa mtaa wetu. Akifa mwanamke Chekeni, yeye ndiye anayemwosha. Kazi hiyo kwetu hairithiwi kwa maneno, hupokezwa kwa mkono, mwanamke mmoja akimfundisha mmoja. Sikudhani alifundishwa na Bi Kidawa, ambaye sasa alikuwa mzee sana na mikono yake ilitetemeka. Wanawake wengine hubeba maji, hushika shuka, hulia. Ila mwili wenyewe, na mpango wake wa kuanzia wapi na kumalizia wapi, asiyefundishwa haugusi.

Siku ya miadi yake simu zikalia. Alikuwa amefariki Bi Tatu wa kwenye genge la mboga, na maziko yalikuwa saa ile ile. Nilimwambia mke wangu aende kwa daktari. Akaniuliza Bi Tatu aoshwe na nani. Alikwenda kumwosha. Daktari akangoja, akapita, na sisi tukatozwa. Tukauza cherehani yake ili apangiwe tena.

Mara ya pili akafa binti wa watu, kwa uzazi. Safari hii mwili ulioshwa kule kule hospitali, kwenye marumaru mapya, na chumba cha upasuaji kiko ukuta wa pili. Sikudhani alifurahi, akaona leo mambo mawili yatafanyika kwa safari moja. Alimtuma mtu dirishani akaseme kwamba yupo, anamaliza, anakuja. Bwana Kipengele alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, akiziba pua kwa leso.

"Mama, kwenye mfumo haupo," alisema.

"Nipo hapa, baba. Unaniona."

"Nakuona upande wa marehemu. Upande wa wagonjwa haupo. Ni idara mbili tofauti."

Tukatozwa tena. Nikauza baiskeli. Mke wangu alikuwa haongei sana siku hizo, si kwa hasira, ni kwamba maneno yalikuwa yanamgharimu hewa. Mimi niliendelea kuipenda serikali yangu, ila niliipenda kwa meno yaliyokazwa.

*

Mtaa ukakutana. Wanawake walisema wao ndio wanaomuua Sikudhani, na wengine wakalia. Mtu akashauri tusizike siku ya miadi yake, akakumbushwa kwamba saa ya kuzika si yetu. Mwingine akashauri wanawake waoshane wenyewe, wakatazamana, kila mmoja akangoja mwingine aseme anajua. Mwisho likapita azimio moja ambalo naona fahari kulisimulia, kwamba katika mtaa wa Chekeni hafi mtu mpaka Sikudhani apasuliwe.

Msicheke. Watu walikula kiapo. Vijana waliapa kutopanda bodaboda isipokuwa kwa shida. Mzee Makungu aliacha pombe ya kienyeji, akasema ni kwa muda. Wenye presha walikunywa vidonge vyao kwa wakati, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Na Bi Kidawa, aliyekuwa kitandani hawezi kugeuka bila kusaidiwa, ambaye tulishamnunulia sanda, alituma salamu kwamba naye atajikaza.

Alijikaza kweli. Tulijikaza wote. Wiki zikapita bila kilio, simu zikanyamaza, na Sikudhani akapangiwa miadi ya tatu. Nilianza kuchangamka, nikampigia mke wangu hesabu za siku zilizobaki, akatabasamu.

Kisha Mheshimiwa Mtengeti akaitisha mkutano, na safari hii hakuvua kofia. Alisema taarifa zimemfikia kwamba kuna mtaa umegoma kufa. Alisema hilo si suala la afya tena, ni suala la ulinzi na usalama. Mitaa mingine imeanza kuiga, mapato yameporomoka, jenereta la hospitali halina dizeli, dawa ya usingizi imekwisha, na chumba cha upasuaji kimefungwa kufuli mpaka hali itakapotengemaa. "Serikali haimlazimishi mtu kufa," alisema. "Lakini kila haki ina wajibu wake."

Nilimfuata Bwana Kipengele ofisini. Ofisi yake ilikuwa na baridi ya mashine, na picha yake akipokea cheti. Nikamweleza kwa adabu kwamba mke wangu anakosa hewa, kwamba hatufi ili yeye apasuliwe, na sasa naambiwa hawezi kupasuliwa kwa sababu hatufi. Nikamwomba anisaidie kuona mlango wa kutokea.

Alinivutia kiti. Lazima niseme ukweli, kijana yule alikuwa na heshima.

"Mzee Shomvi, hebu fikiri kiserikali kidogo. Dizeli ya kumpasua mkeo inatoka wapi?"

"Kwenye tozo."

"Na tozo inatoka wapi?"

Nikatazama ile picha yake akipokea cheti.

"Sasa unaona mwenyewe," alisema, akanipa mkono. "Nipe maziko, mzee wangu, nikupe upasuaji."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilikuwa na hasira ambayo haikuwa na pa kukaa, maana kila mtu aliyenizungusha alikuwa amenipa kiti na kunipa mkono. Mke wangu aliniuliza wamesemaje, nikamwambia wanashughulikia.

*

Habari ilimfikia Bi Kidawa, kwa sababu kwetu habari hazina mlango. Akatuita. Tulimkuta amelala chali, mdogo kuliko shuka lake, lakini sauti bado ilikuwa ile ya mtu aliyezoea kuagiza maji. Aliniamuru nitoke, halafu akaniambia nibaki, mradi nigeukie ukutani nisilie.

"Mwanangu," alimwambia Sikudhani, "mimi nimechoka kujizuia. Nikienda, watapata mafuta yao."

Sikudhani alimshika miguu akamwambia asiseme hivyo.

"Nasema. Na siku hiyo usije kunishika. Wewe nenda kwa daktari. Hawa wengine watanimwagia maji wanavyojua, Mungu anaona. Niahidi."

Pumzi za mke wangu zilipiga mluzi kooni. Kisha akaahidi. Mimi nilikuwa nimegeukia ukutani kama nilivyoamriwa, na nililia vile vile.

Bi Kidawa hakutuweka sana. Alfajiri ya siku ya tatu alifariki, mwili ukapelekwa chumba cha maiti, na simu zikalia mtaa mzima, na wilaya nzima pia, kwa sababu mikono yake ilikuwa imewaosha mama na bibi wa watu wengi, kila kata ilikuwa na wa kwake. Bwana Kipengele hakuwa ameona msiba mkubwa kama ule tangu aanze kazi. Muuza dizeli, ambaye huwa hakopeshi hata ndugu zake, alisikia tu jina la marehemu akajaza jenereta kwa mkopo. Dawa ya usingizi ikaletwa. Kufuli likafunguliwa. Miadi ya mke wangu ikathibitishwa kuwa saa saba, saa ya maziko, na daktari wa upasuaji akapigiwa simu.

*

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, sikwenda maziko. Kipaza sauti nilimwachia Mzee Makungu. Tulipita na Sikudhani vichochoro vya nyuma, yeye amejifunika khanga mpaka puani, na niliona aibu njia nzima, kama mwizi wa kuku. Watu waliotuona walitugeuzia migongo, si kwa chuki, walikuwa wanatustahi.

Hospitali ilikuwa inang'aa. Jenereta lilinguruma, taa zote zilikuwa zinawaka mchana kweupe. Daktari wa upasuaji, Dokta Fulgensi Kashaga, mtu mrefu mwenye uchovu machoni, alikuwa ameshavaa joho la kijani na amenyoosha mikono juu asiguse kitu. Alimtazama mke wangu shingoni, uso ukabadilika.

"Huyu aingie sasa hivi," alisema. "Wenzangu wako wapi?"

Tukatazama huku na huku. Getini hapakuwa na mlinzi. Dirishani hapakuwa na karani. Nikafungua mlango wa wauguzi, nikakuta vikombe vya chai vimeachwa nusu. Nikaita, jina moja baada ya jingine, sauti yangu ikarudi kwenye marumaru.

Nilipaswa kujua. Nimekaa Kitulizo miaka yangu yote na nilipaswa kujua. Wauguzi ni watu wa Kitulizo. Mtoa usingizi ni mjukuu wa Bi Kidawa, mtoto wa binti yake. Mlinzi alioshewa mama na Bi Kidawa, karani alioshewa bibi. Kila mmoja alijiambia kwamba maziko ni ya mara moja, atazika haraka arudi, na mwenzake atakuwa amebaki. Hata Bwana Kipengele hakuwepo, alikuwa amekwenda kuhesabu watu.

Dokta Kashaga akaniuliza maziko yataisha saa ngapi. Kabla sijajibu, akatokea mwanamke mmoja kutoka chumba cha maiti, jirani yetu Mama Zuhura, nguo zimelowa. Alipomwona Sikudhani akasita, kisha akaamua kusema. Maiti haijaondoka. Waliingia wanawake saba kuiosha, kila mmoja akidhani mwingine alishaona inavyofanywa, na wote wamesimama na vyombo vya maji tangu asubuhi. Hawajui waanzie wapi. Makaburini wilaya nzima inangoja juani, na hakuna atakayeondoka kabla ya kuzika.

Nikaliona duara lote kwa mara moja, lilikuwa safi kabisa, hata Bwana Kipengele angelipenda. Daktari anawangoja wauguzi. Wauguzi wanaingoja maiti. Maiti inamngoja mwosha. Na mwosha amekaa hapa kwenye benchi, anamngoja daktari.

"Mimi nina mpaka saa tisa," alisema Dokta Kashaga taratibu, mikono bado iko juu. "Mtumbwi wa ng'ambo hauningoji. Nikikosa miadi ya kule natozwa mimi, mzee, na bado nalipa ile ya mwezi uliopita."

Nilimwomba. Nilipiga magoti pale sakafuni. Nikamwambia ampasue hivyo hivyo, mimi nitamshikilia. Aliniinua kwa kiwiko ili asichafue mikono, akaniambia nikimshikilia atanifia mikononi. Alikuwa anasema kweli na nilimchukia.

Sikudhani akasimama, akakunja khanga yake, akaifunga kiunoni kama anavyofanya siku zote akienda kazini.

"Mama Chausiku, kaa," nilimwambia. "Umemwahidi."

"Nilimwahidi nikidhani ataoshwa." Alivuta pumzi, akangoja ifike. "Baba Chausiku, nikikaa hapa hapasuliwi mtu wala hazikwi mtu."

Akaenda. Nilimfuata mpaka mlango wa chumba cha maiti, ambao mwanamume haupiti, nikasimama nje. Nilisikia maji yanamwagwa kidogo kidogo. Nilisikia pumzi yake, ule mluzi, ukienda na kusimama na kwenda. Hakuharakisha. Nilitamani aharakishe, nilimwomba Mungu aharakishe, lakini mikono ile haikufundishwa hivyo. Nyuma yangu Dokta Kashaga alikuja akasimama, akatazama saa, akasimama tena kidogo, kupita muda aliokuwa nao. Halafu akavua joho, akanishika bega, na baadaye nikasikia gari lake likitoka getini.

Ndani, maji yakasimama. Nikamsikia Sikudhani akiwaita wale wanawake waliokuwa wamejibanza ukutani na vyombo vyao.

"Sogeeni," alisema. "Wekeni ndoo chini mje mwone mikono inavyokwenda. Bi Kidawa alinionyesha mimi peke yangu, lilikuwa kosa." Akapumzika, pumzi ikaja. "Sogeeni kabisa. Mnaanzia hapa, upande wa kulia. Angalieni vizuri, maana anayefuata hataweza kujiosha mwenyewe."

Nikasikia ndoo zinawekwa sakafuni, moja baada ya nyingine, na wanawake wakisogea.